Simiti ya Mwenye Ploti

Tulihamia kwa Mwenye Ploti kwa sababu ya mlango. Chumba chenyewe kilijengwa kiwe duka, kwa hivyo kilikuwa na mlango mpana wa mbao, wa pande mbili, na hakukuwa na ngazi ya kuingilia. Mume wangu, Baba Mwende, alikuwa ameangukiwa na jiwe kwenye machimbo upande wa Athi River, na tangu siku hiyo miguu yake haikumtii tena. Kanisa lilimpa kiti cha magurudumu. Kule tulikokuwa tunakaa mwanzo kulikuwa na ngazi, na kila akitaka kutoka nje ilibidi majirani wambebe, na siku moja watoto walicheka. Tangu hapo alisema, "Mimi si gunia. Hakuna mtu atanibeba tena." Sasa hapa Kitengela tukaona mlango ambao kiti kinapita na nafasi inabaki kila upande. Siku ya kwanza aliingia na kutoka, akaingia na kutoka, kama mtoto aliyepewa baiskeli. Mwenye Ploti alisimama kando akimwangalia, mikono nyuma, akasema, "Hiyo mlango ni yako. Mimi nitaiangalia."

Aliiangalia kweli. Shida yetu ilianzia hapo.

Nataka kuandika juu yake bila kumwonea. Mimi niliishia darasa la saba, na wakati mwingine nikiandika hasira inashika kalamu kabla yangu, kwa hivyo nimefuta mengi. Na mengine sijui kama nayakumbuka sawasawa. Lakini mlango naukumbuka.

Alikuwa mzee wa Kimaasai, mrefu, aliyevaa koti la suti hata jua likiwaka. Mifuko ya koti ilikuwa imejaa misumari, ikamvuta mabega chini, na alipotembea alilia kama kengele ya mbuzi. Nyundo yake mpini ulikuwa umefungwa kwa tyubu ya baiskeli. Msumeno wake ulikuwa umebaki na meno machache kuliko yeye mwenyewe. Tepu ya kupimia hakuwa nayo na hakuitaka. Alipima kwa fimbo yake ya kuchunga: anaweka fimbo kwenye shimo, anabana kidole gumba pale kipimo kinapoishia, kisha anatembea na kidole hicho hadi kwenye mbao zake nyuma ya ploti. Shida ni kwamba alipenda kusalimia watu. Kwa wanawake alisema, "Takwenya!" na sisi Wakamba tulikuwa tumejifunza kujibu, "Iko!" Kisha anauliza habari za watoto, mvua, kazi, na mkono unaeleza na yeye, na akifika kwa mbao kidole kimeshahama. Ndiyo sababu hakuna kitu pale ploti kilichotoshana na kingine.

Kabla ya kuanza kazi yoyote alisema, "Hii ni kidogo tu." Akimaliza alipigapiga kwa kiganja, akasema, "Imeshika." Pale ploti kulikuwa na kijana mpangaji, kinyozi, mdomo wake haulali. Bati likipeperuka na upepo, yeye husimama uani na kupaaza sauti, "Imeshika!" Wapangaji wote wanacheka. Mzee mwenyewe alicheka pia. Hilo nalo niliandike, kwamba hakuwa mtu wa kununa.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta ametengeneza geti. Lilikuwa linalia usiku, na mtu fulani alikuwa amelalamika, nadhani ni mimi. Basi Mzee akaamka mapema akalifunga kwa waya na mnyororo, akaliwekea jiwe chini, halikulia tena. Wala halikufunguka tena. Yeye alikuwa ameshaenda kuona ng'ombe wake. Sisi tuliofanya kazi kiwandani tukapanga foleni ndani ya ploti na mikoba yetu, na Kinyozi akapanda juu ya ukuta akakaa hapo akatuangalia.

"Wazee, leo sote tuko ndani," akasema. "Kesi yetu inasikizwa lini?"

"Shuka utusaidie, wewe," nikamwambia.

"Mama Mwende, mimi ni mahabusu kama wewe. Ngojea hakimu atoke kwa ng'ombe."

Tulipita juu ya ukuta kwa kupandia pipa, na sketi yangu ikararuka. Jioni Mzee akaja kwangu na sindano ya kushonea magunia, akataka kuishona. Nikamwambia nimeshaishona. Haikuwa kweli.

Paa nalo lilikuwa na tundu moja. Kila mtu anayejua bati anajua msumari unapigwa juu ya tuta la bati, maji yapite kwenye mfereji wake. Mzee alipiga mfereji ulipo, kwa sababu hapo, alisema, bati linalala vizuri kwenye mti. Kwa hivyo kila msumari ulikuwa tundu jipya. Akapaka lami. Jua likaja, lami ikayeyuka, ikatudondokea. Baba Mwende alikuwa na kofia moja ya kukaa nayo ndani ya nyumba.

Mtu atauliza, kwa nini hakuita fundi? Aliwahi kumwita. Alipouza ng'ombe wengi na kipande cha shamba ili ajenge hii ploti, alimpa fundi mmoja kazi yote, na yule fundi akajenga juu ya udongo mweusi bila kuchimba msingi wa maana, akala pesa za chuma, akaenda. Kila mtu wa Kitengela anajua udongo ule. Mvua ikinyesha unafura kama unga wa chapati, jua likiwaka unapasuka hadi mkono unaingia. Nyumba iliyosimama juu yake bila msingi haitulii, inapumua. Mzee aliona nyufa zikitembea kwenye kuta zake mwaka wa kwanza, na tangu hapo akasema fundi hatakanyaga kwake. Kinyozi aliwahi kuleta mmoja, atengeneze dirisha la chumba chake. Mzee alileta kigoda akakaa mbele ya mlango wa Kinyozi, fimbo magotini, akamwangalia fundi hadi fundi akakusanya vifaa vyake.

"Fundi hujenga akienda," alituambia baadaye. "Mimi najenga nikikaa."

Na alikuwa na lingine: "Nyumba ni kama ng'ombe. Usipoigusa kila siku, inakusahau."

Mimi nina fikira yangu juu ya simiti yake, ingawa inaweza kuwa si sahihi. Mke wake, ambaye sote tulimwita Yeyo, ndiyo kusema mama kwa lugha yao, aliniambia siku moja tukichambua mboga kwamba kwao nyumba ni kazi ya mwanamke. Mwanamke ndiye hukata miti, huikunja, hukandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na mvua ikipita hupanda juu akapaka tena pale palipopasuka. Mwanamume haigusi kazi hiyo.

"Huyu mzee hajawahi kukandika hata ukuta moja kwa mama yake," Yeyo alisema. "Alikuwa anaona tu, akienda na ng'ombe. Sasa amezeeka, anakandika ya wapangaji."

"Si umfundishe?"

"Nimfundishe mawe? Mimi najua nyumba ya kukunja. Hii yake ya kusimama sijui." Akacheka hadi shanga zikalia.

Basi nafikiri Mzee alichukua kile alichokiona akiwa mtoto. Mvua ikipita, unapaka. Lakini nyumba ya Yeyo ni nyepesi, inakunjika na udongo, na ikichoka inaachwa. Mzee alipaka simiti juu ya simiti, kila baada ya mvua, na mawe hayaachwi. Kuta zetu zilinenepa. Msumari niliotundikia kalenda ulimezwa. Dirisha lilibaki na pembe za duara kama jicho la mtu mwenye usingizi, na nondo zake zikashikwa ndani kabisa. Na mlango ukaanza kupungua.

Haukupungua siku moja. Mvua ya kwanza ulikwama, Mzee akaja na randa akaukwangua pembeni. Jua lilipokuja ukaacha nafasi, nyoka angeweza kupita, akajaza kando ya fremu kwa simiti. Mvua ikarudi, ukakwama tena. Kila mwaka hivyo. Mwaka ule wa Elninyo, maji yalipoingia kila nyumba, aliamua ule upande mmoja wa mlango ndio mkorofi, akaupigilia misumari na kuukandika ukawa ukuta. "Upande moja unatosha," akasema. "Hii ingine ilikuwa ya duka." Bado kiti kilipita, lakini kwa shida, na Baba Mwende alianza kuingia ndani na ngozi ya vidole imechubuka. Hakusema. Mimi niliona nikimwosha mikono.

Tulimwambia Mzee. Nisiseme hatukumwambia. Alisikia, akasikitika sana, akasema atatengeneza, na kesho yake akatuletea karai la simiti akajenga kilima kidogo mbele ya mlango ili kiti kiteremke kwa urahisi. Kiliteremka kwa urahisi. Maji nayo yakateremka, lakini kuja ndani. Akajenga kizingiti kuyazuia, na kizingiti kikazuia kiti. Akakikata kizingiti katikati.

Kwa nini hatukuhama? Ploti zingine zote tulizoziona zilikuwa na ngazi na milango ya upana wa mtu mmoja mwembamba. Na kuna jambo lingine ambalo ni gumu kulieleza. Mzee ndiye alikuwa rafiki pekee wa mume wangu. Watu wengine waliongea na mimi juu ya kichwa chake: "Mama Mwende, huyu ameshakula?" Mzee aliketi kwenye kigoda, macho yao yakalingana, akamuuliza yeye mwenyewe. Waligombana juu ya ng'ombe na mbuzi, nani ana akili. Jumapili jioni alimsukuma kiti hadi mwisho wa nyumba, pale uwanda ulipoanza, wakaangalia mifugo ikirudi. Ukame ulipomaliza ng'ombe wake, alikuja akakaa kwetu kimya kutwa nzima, na Baba Mwende naye akakaa kimya pamoja naye. Mtu kama huyo utamwambiaje mkono wako unatufunga?

Kisha mwaka mmoja, baada ya mvua ndefu, mlango ukakataa. Kiti kilifika kwenye fremu kikasimama. Baba Mwende alijaribu kwa mbele, akajaribu kwa nyuma. Tukamwambia tumbebe nje, kiti tukikunje kipite, tumkalishe tena. Akasema hapana. Akakaa pale mlangoni, upande wa ndani, akiangalia barabara. Alikaa hivyo wiki nyingi. Nilipokwenda kazini nilimwacha hapo, nikirudi namkuta hapo, na watoto wa ploti walimwita Baba wa Dirisha ingawa ulikuwa mlango. Mzee alipaka, akakwangua, akapaka.

Ndipo ndugu ya mume wangu akaja kutoka Makueni kutuambia mama yao amefariki. Mazishi Jumamosi.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hutupa udongo wa kwanza. Baba Mwende ndiye wa kwanza. Alimgeukia Mzee, ambaye alikuwa amekuja kutoa pole, akasema, "Mzee, mimi Jumamosi lazima nitoke."

Mzee akasimama. "Jumamosi hiyo mlango itapitisha hata fahali."

Niseme ukweli wake: alifanya kazi. Alikuja na tindo na nyundo akaanza kubomoa simiti yake mwenyewe, safu juu ya safu, ukaona miaka yote ikianguka chini, nyingine ya kijivu, nyingine nyeupe. Hakusalimia mtu. Ijumaa jioni Baba Mwende akasukuma magurudumu, akapita. Akatoka nje. Akaenda hadi kwa geti akarudi, na wapangaji wakapiga makofi, na Kinyozi akamnyoa kichwa na ndevu bure kwa ajili ya safari. Mzee aliketi juu ya kifusi, vumbi hadi kwenye nyusi, akicheka bila sauti. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Laiti angelala.

Jumamosi alfajiri tukasikia nyundo. Tulikuwa tumeshavaa. Pikapu ilikuwa nje, ndugu ya mume wangu ndani yake, na mtoto wetu Mwende alikuwa ameshapanda nyuma na shali yangu. Nikafungua nikamkuta Mzee juu ya pipa na tindo.

"Mzee, umefanya nini tena? Inapita!"

"Inapita, lakini hapa juu imebaki na meno. Itamkwangua kichwa akitoka. Leo si siku ya kutoka na damu. Hii ni kidogo tu."

Alipiga mara mbili, au tatu. Ile boriti ya simiti juu ya mlango, ambayo kumbe ilikuwa imeshikwa na plasta yake tu, ikashuka upande mmoja. Haikuanguka yote. Ikalala mshazari katikati ya mlango, na mawe ya juu yakaifuata yakajaa hadi kiunoni, na bati likainama. Mzee alianguka na pipa lake upande wa nje. Mimi na mume wangu tulikuwa ndani.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Vumbi lilipotulia, Kinyozi alijaribu kupita chini ya boriti, na mara tu alipoigusa jiwe lingine likaanguka karibu na mguu wake. Akarudi nyuma. Shemeji yangu akashika nondo za dirisha akazitikisa kwa mikono yote miwili. Zilikuwa zimekandikwa vizuri.

Hapo Baba Mwende akasema kile ambacho sikutarajia kukisikia. "Nibebeni. Kama gunia, ni sawa. Kiti muache. Nitoeni tu."

Na hakuna aliyeweza kumfikia.

Walisema watafute nguzo za kuegemeza boriti. Nguzo zitoke wapi alfajiri? Jua likapanda. Maiti ilikuwa inatoka mochari ya Machakos asubuhi hiyo hiyo, na safari ni ndefu. Shemeji yangu aliangalia barabara, akaangalia dirisha. Baba Mwende ndiye alisema kwa niaba yake.

"Mwende, kuja hapa."

Mtoto akaja dirishani. Mume wangu akapitisha vidole katikati ya nondo, akamshika kidevu. "Nenda na baba mdogo. Wakikuuliza nani ni mtoto wa kwanza, sema ni wewe. Chukua udongo mkono wa kulia. Usiogope kurusha."

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa."

Pikapu ikaenda. Mzee alikuwa ametambaa hadi kwenye karai lake, na akaanza kuchanganya simiti. Ndiyo, simiti. Maji yalimwagika, lakini alichanganya. Yeyo akatoka nyumbani kwake, akaja akasimama juu yake, akalichukua lile karai akalimwaga pale pale chini. "Tapala," akasema. Neno hilo nalijua. Acha.

Tulitolewa mchana, nguzo zilipopatikana. Kinyozi alimbeba mume wangu mgongoni, na hakuna aliyecheka. Hakukuwa na mahali pa kumpeleka tena, kwa hivyo alimkalisha kivulini, nje, na kumletea chai.

Baada ya hapo kanisa lilitutafutia nyumba mjini Kajiado, na mimi nikaanza kushona nyumbani. Mzee hakuja kutuaga. Nilisikia ameuza ile ploti akarudi kwake, upande wa nje ya mji. Miaka ikapita, Mwende akamaliza shule ya msingi akaingia ya upili, na mume wangu hakumtaja Mzee hata siku moja, kwa ubaya wala kwa wema. Mimi nilimtaja sana, ndani ya kichwa changu, mara nyingi nikimwonea.

Siku moja nikakutana na Yeyo sokoni. Alishika mikono yangu yote miwili. "Mzee anawauliza," akasema. "Macho yamemwisha. Hagusi kitu tena. Anakaa tu."

Nilifika nyumbani nikasema, nikidhani nitajibiwa kwa kimya. Baba Mwende akasema, "Twende."

Nyumba yao ilikuwa juu ya jukwaa la mawe, na ngazi ndefu. Nikaanza kutafuta mtu wa kusaidia. Mume wangu akasema tubaki nje. Basi Mzee ndiye alitoka. Alikuja akigusa ukuta kwa kiganja, koti lile lile, mifuko mitupu, na Yeyo akamwekea kigoda pale sauti ya mume wangu ilipotoka.

"Sopa, Baba Mwende."

"Epa, Mzee."

Wakaulizana habari za nyumbani, moja moja, kama inavyotakiwa. Mbuzi wangapi, mvua ilifika wapi. Upepo ulikuwa mwingi. Kisha Mzee akauliza, "Mama yako walimzika upande gani?"

"Chini ya shamba, karibu na mto."

"Umeenda kuona?"

"Nilienda. Nyasi ilikuwa imeshaota."

Mikono ya Mzee ilikuwa imelala magotini, wazi, haina la kufanya. "Ijumaa ilikuwa inapita," akasema. "Kiti ilikuwa inapita vizuri. Ni mimi nilirudi."

Mimi najua vile sisi watu wa kanisa hujibu hapo. Tunasema, hapana Mzee, ni mapenzi ya Mungu, usijitese. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mume wangu alinitangulia.

"Ndiyo, Mzee," akasema. "Ni wewe."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu chake mkononi. Yeyo akaleta chai, tukanywa. Jua likaanza kushuka. Nikafikiria barabara ile ya mawe na kiti, nikasimama nikakusanya vikombe nikasema, "Baba Mwende, twende, kutakuchwa."

Akapeleka mkono kwenye gurudumu. Nilidhani anageuka. Alikuwa anafunga breki.

"Bado," akasema.